Asali Chini ya Jeli

Nilimkuta Dokta Hidaya kwenye foleni ya dawa za presha, hapa hapa Tabora mjini, asubuhi ya siku ya kawaida kabisa. Dirishani waliita jina lake, mwanamke mwembamba mwenye fimbo akainuka kutoka benchi la mbele, nami niliyekuwa benchi la nyuma nikajikuta nimeinamisha kichwa, natafuta kwenye pochi kitu ambacho sikuwa nimekipoteza. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimemkwepa mtu huyu bila hata kuhangaika kujificha, maana yeye alikuwa Dar es Salaam na mimi Urambo, nafunga vidonda vya wakulima wa tumbaku, hadi nilipohamia hapa mjini. Sasa alikuwa hatua sita kutoka nilipokaa, na macho yake hayakuwa yamezeeka hata kidogo. "Yusta," alisema. "Yusta wa Sikonge. Umenenepa." Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alistaafu mwaka jana, amerudi kukaa kwa dada yake, mtaa wa Isevya, nyonga inamsumbua. Akanialika chai Jumapili. Alifurahi kuniona, na ile furaha yake ndiyo iliyonichoma. Nikasema nitakuja, nikaenda nyumbani bila kuchukua dawa zangu.

Siku nne zilizobaki hadi Jumapili nilizitumia kuupitia mwaka ule tulioishi pamoja kikazi, mwaka ambao nimewahi kuusimulia kwa watu wengi na kila mara nikauruka mahali pale pale. Dokta Hidaya alikuwa mtoto wa mjini, wa zile nyumba za zamani za njia ya misafara zenye milango mizito, lakini sikumfahamu kabla hajashuka kwenye treni Januari ile, mvua zikinyesha, na masanduku matatu yaliyofungwa kamba ya katani. Alikuwa mfamasia mtafiti. Hospitali moja, ambayo sitaitaja maana haina kosa lolote katika haya, ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi, nyuma ya chumba cha kufungia vidonda. Harufu ya mablanketi haikutoka hadi siku tuliyofungasha. Kulikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza mbili, friji ndogo iliyonguruma na kunyamaza kadiri umeme ulivyotaka, na ukuta wa mbao ambao kupitia kwake tulimsikia kila mgonjwa aliyelia akifunguliwa bendeji. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha maabara cha mwaka mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kuchemsha maji, na kuandika kwenye daftari kile alichoniambia niandike. Niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye, na nasema hivyo nikijua nilivyoitendea.

Alichokuja kukijaribu kilikuwa jeli. Aliipika kwa unga wa mwani na kemikali zake, akaimwaga kwenye trei, ikaganda ikawa kitu laini cha kuteleza ambacho ungeweza kuona kidole chako upande wa pili. Karibu yote ilikuwa maji, na ndani ya maji hayo alikuwa ameifungia dawa ya kuua vijidudu. Dawa tulizozizoea zinapakwa asubuhi, mchana zimekwisha, kidonda kiwe kizuri au kibaya. Yeye alitaka dawa itakayokaa kimya mpaka kidonda chenyewe kiiite. Kidonda kinachopona, alinieleza, kina uchachu kidogo, wa ndimu iliyozimuliwa maji mengi. Kikianza kuoza, majimaji yake yanageukia upande wa magadi. Jeli yake ilijua tofauti hiyo. Kwenye uchachu inajikaza na kuifungia dawa ndani. Kwenye magadi inavimba, inafunguka, dawa inatoka. "Haihitaji nesi wala saa," alisema. "Inaonja yenyewe." Kila asubuhi alinipa glasi mbili, moja ya maji ya ndimu na moja ya maji ya magadi, na vipande viwili vya jeli iliyotiwa rangi nyekundu badala ya dawa. Niliketi na kutazama. Kwenye magadi, kipande kilinenepa na wekundu ukatoka taratibu hadi glasi nzima ikabadilika. Kwenye ndimu, hakuna kitu. Kipande kilisinyaa kikabaki pale chini, kigumu, kimeng'ang'ania rangi yake. Nilitazama jambo hilo siku baada ya siku kwa miezi mitano. Hakuna mtu Tabora nzima, ukimwondoa yeye, aliyelijua kuliko mimi.

Nilikuwa nimepanga chumba Gongoni, kwa Bi. Tatu. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini na mitano, mnene, mcheshi, mwenye sukari, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne akapangisha kimoja ili, kama alivyosema mwenyewe, asizoee kuongea na kuku. Kodi nililipa mwezi wa kwanza tu. Baada ya hapo alikuwa ananiuliza nimekula nini. Chumba changu kilikuwa kati ya jiko na chumba chake, na kabla sijaamka nilikuwa nimeshasikia anavyochochea makaa na kuyasema. Tulikula ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, na mvua zilipokolea tulikula uyoga hadi tukauchoka. Jioni wanawake watatu wanne wa mtaani walikuja kukaa kwenye mkeka uani, na mimi Mkristo wa Moravian wa kutoka porini nikakalishwa katikati yao nikafundishwa kupika pilau. Sijui kama nimewahi kuelezea vizuri jinsi nilivyompenda. Alikuwa akiniita mwanangu kwa sauti ile ile aliyomwitia muuza mkaa, ila kwangu aliongeza, "Umevaa sweta?"

Mwezi wa tano alikanyaga kipande cha bati uani, hakusikia maumivu, kama ilivyo kwa wenye sukari, na alipokiona kidonda kilikuwa na upana wa kifuniko cha chupa. Ni mimi niliyemwambia Dokta Hidaya. Alikuwa na ruhusa ya kujaribu jeli kwa wagonjwa sita, na alikuwa amepata watano. Alikuja nyumbani mwenyewe, akaketi kwenye mkeka, akakishika kile kisigino, akamweleza Bi. Tatu kila kitu bila haraka: asubuhi aoshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, awekewe jeli, afungwe, na pasiwekwe kitu kingine chochote. Bi. Tatu akakibinya kipande cha jeli kwa vidole viwili. "Dokta, huu si mlenda?" Jina likabaki hilo, mtaa mzima ukauita mlenda wa Dokta. Kwa kuwa kutembea hadi hospitali kulimchosha, tulikubaliana nimfunge mimi nyumbani kila baada ya siku mbili, na Jumatatu tu nimpeleke akaonwe. "Nakuamini," Dokta aliniambia tukiwa tunarudi. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mwenzake, si kama bosi.

Mwezi wa sita wote kidonda kilikwenda vizuri. Mwezi wa saba, asubuhi moja, nilifungua bendeji nikakuta jeli imevimba. Ilikuwa imenenepa mara mbili, imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ilikuwa inanuka. Nilijua kwa akili yangu kilichotokea: kidonda kimegeukia upande wa magadi, jeli imeonja, imefunguka, inafanya kazi yake. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye glasi mara nyingi. Lakini kwenye glasi hakukuwa na kisigino cha mtu aliyekuwa ananiangalia usoni. Bi. Tatu alitazama akageuza kichwa. "Mwanangu, hicho kitu kinaoza juu ya mguu wangu," alisema. Nilimwambia ndivyo inavyotakiwa. Hakuniamini, na kusema kweli mimi pia sikujiamini. Siku mbili baadaye ilikuwa hivyo hivyo, imevimba, na yeye akalia, si kwa maumivu, kwa kinyaa. Wiki hiyo hiyo kaka yangu alikuwa amefika kwa baiskeli kutoka Sikonge, ameniletea chupa ya asali ya nyuki wadogo, ile nyembamba ya kahawia ambayo kwetu haiuzwi ovyo, inawekwa kwa ajili ya watoto wenye kifua na kwa ajili ya vidonda. Sisi watoto wa warina asali tulikatwa na mashoka, tukachomwa na miba, na kila mara tulipakwa hiyo kabla ya kingine chochote. Nilipoichukua chupa kutoka chini ya kitanda sikuwa naona kama ninaongeza dawa. Nilikuwa nakiosha kidonda kama watu wa kwetu wanavyokiosha.

"Ya nyuki wadogo?" Bi. Tatu aliuliza, uso ukafunguka. "Hiyo haijawahi kumdhuru mtu." Nikapaka asali, nikaweka jeli juu yake, nikafunga. Asali ya nyuki wadogo ina uchachu. Mtu yeyote wa Sikonge anajua, ukiilamba inakuuma pembeni ya ulimi kabla ya utamu kufika. Mimi nimeilamba tangu sina meno. Siku mbili baadaye nilipofungua, jeli ilikuwa imetulia, ngumu, nyembamba, haijavimba hata kidogo, na harufu imekatika. Tulicheka kwa furaha, mimi na yeye, mguu wake ukiwa mapajani mwangu. Nikapaka tena. Maji ya chumvi nikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanamchoma na asali haimchomi. Na kila Jumatatu kabla ya kwenda hospitali niliifuta asali kwa gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha vidonda, vizuri sana, hadi pembeni. Hili ndilo ambalo sikuwahi kulisimulia kwa mtu. Kama nilidhani sifanyi kosa, niliifuta kwa nini? Najibu hivi: niliona aibu. Dokta alikuwa amesoma nchi za watu, na mimi sikutaka anione mshamba wa porini na chupa yake chini ya kitanda.

Jumatatu hizo Dokta Hidaya aligusisha kidondani karatasi yake ya kupimia uchachu na magadi, na karatasi ikaonyesha uchachu, yaani upande wa kupona. Alinionyesha kana kwamba mimi ndiye niliyetengeneza jeli. Aliandika kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kuniagiza. Kuvimba nilikuwa nimemwambia, asali sikumwambia. Kupitia ule ukuta wa mbao nilimsikia akimwambia mganga mkuu, "Yule mama wa Gongoni ndiye bora kati ya wote sita. Ilivimba siku mbili tu, ikaua vijidudu, ikajifunga. Sawasawa na nilivyotarajia." Mganga mkuu akamwambia akipata matokeo kama hayo hadi Desemba, atapewa wagonjwa wengine wengi zaidi. Nilikuwa naosha glasi. Nilijisikia fahari.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Bi. Tatu alipata homa. Tulidhani malaria. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi chini ya goti, ukiwa wa moto na wekundu uliokolea, wakati kidonda chenyewe juu kilionekana kisafi, kidogo, kimekaribia kufunga. Daktari wa upasuaji alipokipasua, usaha ulikuwa chini, umefika kwenye mfupa, umekaa huko wiki nyingi. Jeli ilikuwa pale juu yake muda wote na dawa yake yote tumboni, imefungwa. Walimkata chini ya goti, halafu, siku nne baadaye, juu ya goti. Nilikaa naye mchana kutwa. Nilikuwa nimeshaelewa kuwa jeli ilikuwa ikionja asali, si kidonda, nilielewa tangu walipotaja usaha. Mchana mmoja, nesi alipotoka, Bi. Tatu aliniita karibu. Midomo yake ilikuwa imekauka na nilikuwa nikimlowesha kwa pamba. "Ile asali," alisema. "Usimwambie Dokta. Atakufukuza, na wewe bado mdogo." Nikasema, "Mama, inabidi nimwambie." Akasema, "Ni mambo yetu sisi wawili. Unanisikia?" Nikamwambia nasikia. Alifariki siku ya kumi na moja baada ya kukatwa mara ya kwanza, saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimeenda kumchukulia uji.

Nimejificha nyuma ya maneno yale kwa robo karne. Nimejiambia aliniagiza, kwamba marehemu ana haki yake. Lakini yeye aliniagiza kwa kunionea huruma, nami nikalitumia agizo lake kwa kujionea huruma mwenyewe, na hayo si mamoja. Msibani wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani tukimenya vitunguu. Mama mmoja, jirani aliyekuwa akija kila jioni kwenye mkeka, alisema bila kupaza sauti, "Aliwekewa ule mlenda. Mguu ukaozea ndani, juu pazuri. Ndio uliomuua." Mwingine akasema, "Watu wanakuja kujaribia vitu kwetu." Dokta Hidaya alikuwa chumbani kwangu, mlango wazi, amekaa chini kati ya wafiwa, shela nyeusi imemfunika hadi machoni. Aliyasikia kama nilivyoyasikia. Niliona mkono wake ukisimama juu ya tasbihi. Nilikuwa na kisu mkononi na kitunguu nusu, na nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno matano. Niliendelea kumenya. Machozi yangu watu waliyaona, na jirani yangu akanipa upindo wa khanga nijifute.

Dokta Hidaya alifunga kazi kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Wagonjwa wengine watano walikuwa wamepona, au walikuwa njiani kupona, lakini alisema hawezi kumwekea mtu mwingine kitu asichokielewa. Siku tuliyofungasha, tulizungushia glasi magazeti, moja moja. Hakuwa analia. "Ilifunga, Yusta," aliniambia. "Ilitakiwa ifunguke, ikafunga. Na karatasi ikanidanganya. Nimeirudia hesabu, nimerudia mapishi, nimepima mwani upya. Sijui kwa nini." Alinitazama, akingoja labda niseme chochote, maana nilikuwa mtu pekee aliyekuwepo kila siku. Nikamwuliza kama glasi hizi ziende sanduku la juu au la chini. Kabla ya kupanda treni alinipa bahasha. Ilikuwa barua ya kunipendekeza chuo cha uuguzi, ukurasa mzima, na ndani yake alikuwa ameandika kuwa mimi ni mwangalifu na mkweli. Kwa barua ile nilipata nafasi chuoni, na kwa nafasi ile nimekula hadi leo. Baadaye nilisikia kwamba hakurudi kwenye utafiti. Alikuwa anafundisha kemia sekondari ya wasichana.

Sitaki mtu adhani sikufanya chochote kwa miaka hiyo. Urambo wananijua kwa swali moja: kabla sijagusa bendeji ya mtu nauliza, umepaka nini? Na akijibu hakuna, nauliza tena, na asali je? Mafuta je? Majani je? Wanafunzi wa uuguzi waliniigiza wakicheka. Lakini swali lile nilikuwa naliuliza kwa watu wasiohusika. Aliyetakiwa kulisikia jibu alikuwa mmoja, na alikuwa hai, na nauli ya treni niliiweza.

Jumapili nilifika saa kumi. Dada yake alituwekea chai na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akatuacha sebuleni. Dokta alikuwa ametandaza picha za wanafunzi wake juu ya meza, anataka kunionyesha wale waliokuja kuwa madaktari. Nilimwacha anionyeshe tatu. Halafu nikasema, "Dokta, yule Bi. Tatu. Nilikuwa nampaka asali chini ya jeli." Aliziweka picha chini, akazipanga kingo zake zikawa sawa. Nilisubiri anifokee. Aliuliza, "Asali gani?" Nikasema ya nyuki wadogo. "Kila mara?" Kila mara, tangu mwezi wa saba. "Na maji ya chumvi?" Niliacha. "Na Jumatatu?" Nikamwambia nilikuwa naifuta kwa gozi kavu. Alikuwa anauliza kwa sauti ile ile ya kwenye kile chumba chenye harufu ya mablanketi, na mimi nikajibu kama nilivyozoea kumjibu, kwa mpangilio, hadi maswali yakaisha. Chai ilikuwa imetengeneza utando juu.

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi," alisema.

Nilimwomba anisamehe. Nilimwambia Bi. Tatu aliniagiza nisiseme, na nilipolisema hilo nilisikia jinsi lilivyo jepesi. "Tatu alikuwa anakufa," Dokta Hidaya alijibu. "Aliogopa kwa ajili yako. Lakini mimi ulikuwa unaniona, Yusta. Ulinisaidia kufunga zile glasi." Hakupaza sauti. Aliutoa mkono wake mezani, akauweka mapajani, juu ya mwingine, na akaitazama mikono hiyo. "Ningeongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya maelekezo," alisema. "Msipake asali. Basi. Ningeendelea." Nilisema tena, nisamehe, Dokta. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa wala kwa kukubali, ila kama mtu anayefanya hesabu na kila mara inampa jibu lile lile. "Nilikuwa na miaka thelathini na sita," alisema.